Vitabu Vilivyoanikwa

Mke wangu alipofariki aliniachia kabati la vitabu ambalo halikuwa letu.

Lilikuwa la kanisa. Miaka kadhaa nyuma mchwa waliingia kwenye stoo ya kanisa, wakala mabenchi na nusu ya meza, ikaamuliwa kabati lihamie kwetu Ganako kwa sababu nyumba yetu ina sakafu ya saruji, na kwa sababu mke wangu ndiye pekee aliyekuwa akivisoma vile vitabu. Vilikuwa vitabu vya kumkuza Mkristo kiroho: vya maombi, vya ndoa, vya kufunga, vya kusamehe, na kimoja cha namna ya kusoma Biblia bila kusinzia. Mtu akiwa na shida alikuja, mke wangu akamtazama usoni, akaingia ndani, akatoka na kitabu. Hakuuliza mengi. Watu walisema ana karama. Mimi naona alikuwa amevisoma tu.

Mimi nimeishia darasa la saba. Nasoma polepole na midomo ikitembea. Katika huduma ile kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, maana magari ya watalii yanayokwenda kwenye maloji hupita barabara ya udongo nyuma ya shamba letu, na kiangazi vumbi lote jekundu huja kupumzika kwenye kabati.

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu halisemwi. Zamani, kwa wazee wetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mke au mume ilitengwa. Haikuwa chuki. Waliamini kifo hukaa ndani ya nyumba kama moshi unavyokaa kwenye nguo, na kwamba kinaweza kumfuata mtu hadi kwake kikamdhuru mama mjamzito au ndama. Kwa hiyo mfiwa hakuingia kwa watu, na watu hawakuingia kwake. Ng'ombe wake hawakuchanganyika na wa wengine. Na kubwa kuliko yote ni vyombo: kikombe cha nyumba ya msiba hakikuguswa na mdomo wa mtu mwingine mpaka muda upite na wazee waseme basi.

Siku hizi sisi ni Wakristo. Muulize mtu yeyote Ganako, atakuambia mambo hayo yalishakwisha. Atakuambia akiwa amesimama nje ya ua.

Mazishi yalijaa. Watu waliimba, wakala, wakalia na mimi. Vyombo vilikuwa vya kukodi. Watoto wetu walirudi makazini Arusha na Babati, maturubai yakafunguliwa, na kuanzia hapo hakuna mguu wa mtu uliovuka geti langu. Si kwamba watu waliacha kuja. Walikuja sana. Walikuja mpaka kwenye minyaa, ile miti ya utomvu iliyo ua wangu.

Jumamosi alasiri ilikuwa siku ya mke wangu ya kugawa vitabu, na siku hiyo alichemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, akaijaza kwenye chupa, akapanga vikombe kwenye sinia. Niliendelea kufanya hivyo, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya Jumamosi alasiri. Nilipanga vikombe, nikaketi, nikatazama geti. Jua likishuka nilimimina chai yote kwenye mche wa parachichi ulio kati ya geti na mlango. Mche ule ulistawi kwa namna ya ajabu. Nilichotaka mimi kilikuwa kitu kidogo: mtu mmoja aingie, akae, anywe chai kwa kikombe changu. Sikutaka ajuaye kufariji. Hata angekuwa mtu wa kunung'unika ningemshukuru.

Wa kwanza kunijia rasmi alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu ambaye kichwa chake huonekana juu ya ua kama kimewekwa pale.

"Bwana asifiwe, ndugu yangu!"

"Amina. Karibu ndani, mzee."

"Nimeshakaribia," akasema kule kule. "Kamati imekaa. Tumeona huduma ya vitabu isife. Waumini wanadumaa kiroho. Mtu anaokoka leo, mwaka ujao yuko pale pale kama mahindi yaliyokosa mbolea."

"Basi njooni mchukue kabati lenu."

Akakohoa. "Kabati ni zito."

"Nitawasaidia kubeba."

"Siyo uzito wa namna hiyo, ndugu."

Nikamtazama. "Mzee, isije ikawa mnaogopa ile mila."

"Mila?" Alipaza sauti hata mbwa wangu akaamka. "Mila gani? Mimi nimezaliwa mara ya pili! Kifo kimeshindwa! Hatuna mila hizo!" Kisha akashusha sauti. "Ila wapo walio wachanga kiimani, na Maandiko yanatukataza kuwakwaza. Kwa hiyo wewe visome. Halafu uwapendekezee watu. Ukiwa hapo hapo ulipo."

"Mke wangu ndiye aliyekuwa anajua. Mimi sijasoma hata kimoja."

"Ndiyo maana unapaswa kuanza," akasema, na kichwa kikaondoka juu ya ua.

Nikaanza. Asubuhi nililisha ng'ombe, mchana nikasoma, nimeketi kwenye kiti chake chini ya dirisha, kwa sababu pale ndipo palipo na mwanga. Jumamosi watu walisimama nje ya minyaa, kila mmoja akieleza haja yake kwa sauti ya kusikika, jambo ambalo lilifanya haja za Ganako zijulikane na Ganako yote. Mimi nilipendekeza kutoka mlangoni. Tulikuwa na jiwe kubwa la kusagia la bibi wa mke wangu pale getini. Niliweka kitabu juu ya jiwe, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, ndipo mwombaji akaja kukichukua. Wengine walikishika kwa khanga. Mzee wa kanisa alikuja na mfuko wa mbolea, akaufungua mdomo, akakisukumia kitabu ndani kwa kijiti.

"Ni vumbi tu," akanieleza. "Nina kifua."

Jirani yangu wa ng'ambo ya njia ndiye aliyeanzisha kuanika. Yeye na mke wangu walikuwa marafiki tangu wote wawili walipoolewa hapa, naye huniita shemeji na hunisema kama shemeji. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa mjamzito na anaishi naye nyumba moja, kwa hiyo hofu yake ilikuwa na tumbo na miguu, sikuweza kuicheka. Alichukua kitabu cha njano, kinachohusu kumkabidhi Mungu mashaka yote, akakining'iniza kwenye kamba ya nguo kwa vibanio viwili ili jua likipige kabla hakijaingia ndani. Kikakaa pale kati ya shuka na fulana, kurasa zikipepea.

"Jirani," nikamwita, "si kitaharibika?"

"Kinapunga hewa tu, shemeji! Kwani wewe hupungi hewa?"

Wiki iliyofuata ukipita njia ya kwetu ungeona vitabu kwenye kamba za nyumba nyingi. Cha kusamehe kilining'inia kando ya suruali. Cha ndoa kilianguka matopeni, mwenye nyumba akakifua.

Tatizo langu mimi ni kwamba sijui kusifu kitu ambacho sikukipenda. Nilidhani kupendekeza ni kusema kilichomo. Mama mmoja aliomba kitabu cha kuongeza bidii ya maombi.

"Kipo cha kijani," nikasema. "Kurasa za mwanzo ni nzuri. Baada ya hapo anarudia yale yale mpaka mwisho. Ukisoma mpaka unapoona picha ya mshumaa, inatosha."

Mwingine alitaka cha kufunga.

"Kipo. Mimi kilinitia njaa. Ameeleza vyakula kwa utamu sana."

"Na cha uvumilivu?"

"Kile kinene. Mambo yake sikuyaelewa, lakini nilivumilia."

Wakacheka kule nje. Nilikuwa sijakusudia kuchekesha, ila mimi pia nilicheka kidogo, na niliposikia sauti yangu nikashtuka, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka kwenye chumba kisicho na mtu.

Mzee wa kanisa hakufurahi. "Ndugu, mapendekezo hayatolewi hivyo. Unatakiwa kusema kila kitabu kimekubariki."

"Vingine havikunibariki, mzee."

"Sema vitakubariki baadaye."

"Hilo sijui."

"Mbona marehemu alikuwa anasema?"

"Yeye vilimbariki."

Hapo akainamisha kichwa, na watu wote kule nje wakainamisha vyao. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilihisi kwamba tumesimama pamoja, wao upande wao na mimi upande wangu. Nikasema, "Chai ipo." Kila mmoja akakumbuka ng'ombe wake.

Habari zikasambaa kuliko nilivyotaka. Jumamosi moja gari la watalii lilisimama barabarani, paa likiwa limeinuliwa, wageni wenye kofia wakasimama ndani yake wakatutazama kwa darubini, ingawa tulikuwa karibu kabisa. Mwongozaji wao akawaeleza jambo refu kwa Kiingereza huku akininyooshea kidole.

"Umewaambia nini?" jirani yangu akamuuliza.

"Nimewaambia huyu ni mganga wa vitabu," akasema bila aibu. "Mnakuja na ugonjwa, anawapa kitabu, mnakwenda kukianika. Wamefurahi mno. Wanasema hili haliko kwenye ratiba."

Mama mmoja wa kizungu, mtu mzima, akasema kitu kwa upole. Mwongozaji akatafsiri: anauliza kama mganga ana kitabu kwa mtu asiyepata usingizi.

"Ninacho," nikasema, "kile kinene. Lakini ni cha Kiswahili."

"Anasema ndiyo vizuri zaidi."

Yule mama akafungua mlango wa gari ili aje akichukue mwenyewe. Nilikuwa tayari nimetazama sinia. Mwongozaji akamwahi, akaufunga mlango, akamwambia maneno machache, naye akarudi kitini akinipungia mkono kwa huzuni.

"Kwa nini umemzuia?" nikauliza.

"Mazoea, mzee wangu. Kule kreta ya Ngorongoro, kwa wanyama, ni marufuku mgeni kushuka garini."

Gari likaondoka. Kwa hiyo nilikuwa nimehesabiwa pamoja na simba. Jioni ile nilimimina chai kwenye parachichi, nikauambia mche habari hiyo.

Baadaye akaja Mmasai mmoja, mwinjilisti kutoka juu Ngorongoro, aliyekuwa ameshuka Karatu kwenye mnada wa mifugo. Alisimama nje ya minyaa na watu wengine, mguu mmoja ukiegemea goti la mguu wa pili, fimbo begani.

"Sopa, mzee."

"Ipa. Karibu ndani."

Akatazama kushoto na kulia, akaona wote wamesimama. "Ashante. Hapa panatosha." Kisha akasema, "Nimesikia kuna mtu hapa anasema ukweli juu ya vitabu. Kule kwetu tunaletewa vitabu na kila mtu, na kila mtu anasema ni kizuri. Mimi nina waumini wachunga ng'ombe. Wanasoma wakiwa malishoni. Nataka kitabu cha kuwakuza, lakini kisiwafanye wasahau fisi."

Nikamwonyesha vitatu kwa mbali. Akaniomba nivinyanyue kimoja kimoja ili aone uzito wake mkononi mwangu, kama anavyopima mbuzi kwa macho. Nikanyanyua kile cha mafundisho makuu ya imani.

"Kimenona," akasema.

"Ndiyo. Ila kina maneno mengi."

"Kunona siyo maziwa," akasema, na akachagua chembamba kuliko vyote, cha maombi ya asubuhi. Hakukianika. Alikitia ndani ya shuka lake, kifuani, akashuka mnadani. Watu wakamtazama mpaka akapotea, kama waliokuwa wanangoja kitu kimpate.

Wiki zikaenda hivyo, kabati likawa linapumua, kitabu kikitoka na kingine kikirudi. Kimoja tu ndicho ambacho sikukiweka kwenye jiwe.

Kilikuwa cha bluu. Ndicho alichokuwa akikisoma alipougua. Kilikuwa mezani kando ya kitanda, na kona ya ukurasa ilikuwa imekunjwa pale alipofika. Kinaeleza habari za mama mmoja ambaye mwanawe aliondoka nyumbani kwa ugomvi, na mama huyo akamwomba Mungu amrudishe. Kila sura inasimulia kipande cha habari hiyo, halafu inafundisha jambo kuhusu kungoja. Nilikisoma mpaka kwenye kona. Pale mama amezima moto, amelala, anasikia mbwa akibweka getini. Hapo ndipo palipokunjwa. Baada ya hapo zilibaki kurasa nyingine, si chache, unene wa kama kidole.

Sikuzifungua. Nieleze vizuri, maana watu walidhani ni uchawi au ni heshima. Nilikuwa nimeishi na mke wangu miaka mingi bila kumtangulia kwenye kitabu hata mara moja. Nikivuka pale nitajua jambo ambalo yeye hakulijua, na sitakuwa na mtu wa kumwambia.

Jirani yangu alikuwa akisimuliwa kitabu hicho na mke wangu, sura kwa sura, wakichambua maharage ya ngwara pamoja uani.

"Shemeji," akaniita Jumamosi moja, mbele ya watu, "kile cha bluu kiko wapi?"

"Kipo."

"Mbona hukipendekezi?"

"Sijakimaliza."

"Umefika wapi?"

"Alipofika yeye."

Akasogea kwenye minyaa. "Kwenye mbwa?"

"Kwenye mbwa."

"Basi endelea! Huyo mbwa ananibwekea kichwani tangu tulipomzika. Nikiinjika sufuria anabweka. Nikisali anabweka. Yule mama kampata mwanawe au hajampata?"

"Sijui."

"Fungua ujue!"

"Sitaki."

"Haya, nipe mimi nifungue."

"Kitaharibika kwenye kamba."

"Sitakianika!"

Kila mtu akamgeukia. Alikuwa amesema jambo kubwa bila kukusudia. Mzee wa kanisa akainua kidole. "Mama, kumbuka mkweo."

Jirani akauma mdomo. Ikaamuliwa, na sijui nani aliamua, kwamba nikisome chote kwa sauti kutoka mlangoni, Jumamosi kwa Jumamosi, kuanzia mwanzo, ili wote wafike kwenye mbwa kwa pamoja. Labda nikifika na watu nitaweza kuvuka. Nilikubali, kwa sababu watu wangekuja.

Nao wakaja. Walileta vigoda vyao, wakaketi nje ya ua. Nilisoma polepole na hakuna aliyelalamika, isipokuwa jirani, aliyekuwa ananiambia, "Vuta pumzi, shemeji, siyo mtihani." Mwinjilisti akawa anapanga safari zake za mnadani zikutane na usomaji. Watu walimlaumu yule mtoto kwa majina makali. Mzee wa kanisa alifuta macho mara moja, akasema ni utomvu wa minyaa.

Jumamosi ya mbwa mbingu ilikuwa nyeusi upande wa msitu. Nilisoma mama akizima moto. Nilisoma akivuta blanketi. Nilisoma, "Ndipo akasikia mbwa akibweka getini," na tone la kwanza likaangukia bati.

"Vuka!" jirani akapiga kelele.

Mvua ikaja yote kwa mkupuo, kama inavyokuja kwetu. Vigoda vikanyanyuliwa, watu wakakimbilia chini ya miti ya jirani na kwenye banda la nyasi. Mimi nilibaki mlangoni na kidole changu kikiwa kwenye kona iliyokunjwa. Jirani alibaki getini na khanga kichwani.

"Soma!"

"Siwezi!"

"Sikusikii!"

"Nasema siwezi! Nimefika alipokunja!"

"Ati amefanyaje?" Akapita jiwe. "Bati linapiga kelele! Paza sauti!"

"Sijasoma kitu! Nasema sijasoma!"

"Sema tena!" Alikuwa amefika kwenye mche wa parachichi, mkono sikioni. Mimi nikarudi nyuma asiloe kwa ajili yangu, yeye akasogea asikie, nikarudi, akasogea, nikajikuta nimegonga kabati kwa mgongo. Naye alikuwa amesimama katikati ya chumba changu, maji yakichuruzika kwenye saruji.

Tukatazamana. Akatazama miguu yake. Akatazama mlango nyuma yake.

"Yesu wangu," akasema.

"Toka," nikamwambia. "Toka haraka, fikiria mkweo. Nitasema hukuingia."

"Wewe hujawahi kusema uongo."

"Nitajaribu."

Akakamua ncha ya khanga. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Shemeji, unajua kile cha njano? Cha mashaka? Mimi nakianika kila siku kikauke kifo. Juzi natandika kitanda cha mkwe wangu, nakikuta chini ya mto. Nikamuuliza, umekitoa lini kwenye kamba? Ananiambia, 'Mama, mimi nakichukua kila ukishaingia kulala, na alfajiri nakirudisha. Kinanisaidia kwa hofu ya kujifungua.' Wiki nzima! Tumbo lote lile limelala na kitabu chako!"

"Na hali yake?"

"Anakula kama trekta." Akafuta uso. "Basi nimeshaingia. Nipe hicho kitabu."

Nikampa. Sikuweza mwenyewe. Alikinyoosha kwanza kile kikunjo kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyonyoosha kola ya mtoto, kisha akafungua ukurasa. Akasoma kimya. Akafungua mwingine. Akafungua mitatu kwa pamoja. Uso wake ukabadilika.

"Nini?" nikauliza. "Amerudi?"

"Shemeji. Kitabu kimekwisha."

"Kimekwishaje? Kurasa zote hizo?"

"Ni maswali!" Akanigeuzia. Juu iliandikwa, Maswali ya Kujadiliana Katika Kikundi. Akasoma kwa hasira. "'Swali la kwanza. Unadhani ni nani aliyekuwa getini? Jadilianeni.' Ananiuliza mimi! Nimekaa na mbwa miezi yote hii, halafu mwandishi ananiuliza mimi!"

Zilizobaki zilikuwa mistari mitupu ya kuandikia majibu, na mwishoni kabisa mapendekezo ya vitabu vingine vya kukuza imani.

Nikaketi sakafuni. Kwa hiyo mke wangu alikuwa amekimaliza. Hakuachia njiani. Alifika mwisho, akakunja kona kabla ya maswali, akangoja apate wa kujadiliana naye, kwa sababu chini ya kile kichwa cha habari iliandikwa kwa herufi za mlalo: Msiyajibu peke yenu. Kiongozi ahakikishe kila mtu amepata mahali pa kukaa.

"Kaa," nikamwambia jirani, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa.

Akaketi kwenye kiti cha chini ya dirisha. Hapakuwa na kingine. Nikamimina chai. Nikampa kikombe. Alikipokea, akakitazama, kikombe cha maua ambacho mke wangu alikuwa akimpa siku zote, akanywa.

"Umezidisha tangawizi," akasema, na ndipo akalia, na mimi nikalia. Mvua ilikuwa kubwa, kila mmoja alilia kwa sauti aliyotaka.

Ilipopungua tukasikia watu wamerudi kwenye minyaa.

"Vipi?" wakauliza. "Kampata?"

Jirani akafungua dirisha. "Ni maswali tu! Kila mtu aje ajibu mwenyewe!"

Vichwa vyote vikageukia dirishani. Walikuwa wanaona mahali sauti yake inapotokea.

"Mama," mzee wa kanisa akaita, "uko ndani?"

"Nipo ndani, nakunywa chai. Si ulisema mila hizo hatuna?"

Mwinjilisti wa Ngorongoro alikuwa wa kwanza. Alikuja mpaka mlangoni, akaegemeza fimbo ukutani, akainama kupita.

"Hodi. Kumbe inaruhusiwa kuingia?"

"Inaruhusiwa," nikasema. "Kwani wewe uliogopa nini?"

"Sikuogopa. Niliona wote wamesimama nje, nikajua ndiyo utaratibu wa kanisa lenu." Akaketi sakafuni, akapokea chai. "Getini alikuwa mwanawe," akasema mara moja. "Mbwa hambwekei mgeni hivyo."

"Kitabu hakikusema kabwekaje," jirani akamjibu, na mjadala ukaanza.

Wakaingia wengine, mmoja mmoja, wakifuta miguu mno. Vikombe havikutosha, tukatumia mabakuli. Wengi walisema ni mwana. Mama mmoja alisema ni baba yake yule mwana, na jambo hilo likatuchukua muda. Mimi nilipoulizwa nikasema sijui, ila yeyote yule afunguliwe.

Mzee wa kanisa hakuingia. Alisema atajibu maswali kutoka pale pale, naye alijibu yote, kwa sauti ya mahubiri, kichwa chake kikiwa juu ya ua na maji yakimdondoka masikioni. Nikamwonea huruma. Nikajaza kikombe, nikatoka nacho mpaka kwenye minyaa, nikampa. Alikuwa katikati ya swali la nne, linalohusu subira, akakipokea bila kutazama, akanywa, akaendelea kusema, akanywa tena.

Kisha akakishusha. Akakitazama kikombe kilichokuwa nusu, akanitazama mimi. Ndani watu walikuwa wamejaa dirishani wakimtazama.

Akauliza kama kuna sukari zaidi.